Tundu la Sauti

Nilipokuwa nasomea fiziotherapi, fuvu langu la plastiki lilikaa juu ya meza ya jikoni kwetu Wembley. Mama hakulipenda. Wageni wakija alilifunika kanga, nami nikimcheka hujibu, "Mafuvu yawekeni huko skuli kwenu, hapa watu wanakula."

Kisha chakula kikaanza kumkwama kooni, na sikio la kushoto likawa linavuma. Picha zikaonyesha uvimbe chini ya fuvu. Daktari wa upasuaji alitueleza wazi: ukiachwa utazidi kukua, ukikatwa, huenda ukaondoka na mshipa wa fahamu unaoendesha sauti.

Mama yangu alitoka Unguja baada ya mapinduzi bila ya kitu. Kilichomfanya awe mtu tena katika mji huu wa baridi ni kusoma maulidi. Wanawake wa kwetu walimwita kila penye shughuli. Yeye akitangulia, wao wakiitikia.

Tuliporudi nyumbani alilifunua fuvu mwenyewe. "Hebu nionyeshe."

Nikaligeuza, nikapitisha kijiti cha meno kwenye tundu la kushoto, nyuma kidogo ya njia ya ateri kubwa iendayo kwenye ubongo. Nikamwambia hapa inashuka vena, na kando yake mishipa mitatu ya fahamu: wa kumezea, wa sauti, na ule unaotia nguvu misuli ya bega na shingo. Yote imebanana mahali pasipoenea ncha ya kidole changu. Hayo niliyakariri kwa ajili ya mtihani.

"Yote haya hapa?" akauliza. "Basi nawakate. Nikifa kwa kupaliwa na tonge, hiyo sauti nitamsomea nani?"

Walikata. Uvimbe ulitoka, na sauti ikaenda nao. Ikabaki ya chini, ya kukwaruza, pumzi tupu. Akakataa kila mwaliko. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, ulipoingia, wanawake walijaa sebuleni kwetu bila ya kualikwa, na chetezo chao cha udi.

"Haya bibi, tangulia," alisema mkubwa wao.

Mama alitikisa kichwa. Hawakuondoka, wala hakuna aliyeshika nafasi yake. Mwishowe akaanza. Sauti haikupanda kokote, nami nikainamisha uso kwa uchungu.

Ikafika zamu ya kuitikia. Wanawake wale, waliozoea kupaza mpaka jirani akagonga ukuta, walishuka wote, wakamwitikia pale pale alipo.