Mavia ya Susu

Juzi nilimpeleka kitinda mimba wangu nje ya Kibwezi akaone shimo la vito lililotulea. Tulienda na gari yangu, nilinunua ikiwa mpya. Mimi niliacha shule darasa la sita, rafiki yangu, na leo malori mawili ya kokoto ni yangu. Lakini aliyejua mawe kwetu alikuwa susu, nyanya yangu. Alichimba leso ikiwa kiunoni, akachekecha changarawe mpaka nywele zikawa nyekundu kwa vumbi.

Mwaka mmoja, nikiwa mtoto, alipata mawe ya kijani, kubwa lao saizi ya punje ya mahindi. Nyumba yetu ya nyasi ilikuwa inavuja, na susu alikuwa ameapa mvua ya Novemba itatukuta chini ya mabati. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, mzee wa Mombasa, kanzu nyeupe pe, na alikuwa anapita siku moja tu.

Sasa, kwa Kikamba jiwe ni ivia, na yakiwa mengi ni mavia. Kiswahili unakijua, malizia mwenyewe.

Susu alimpatia kiti na uji wa wimbi, halafu akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Baba, mimi niko na mavia mazuri sana. Nimeweka chini ya kitanda. Ukilamba kidogo utaona rangi."

Mzee alitua kikombe polepole. Akasema yeye ni mtu wa heshima zake, akashika njia. Nani angemwambia kwamba jiwe la vumbi halionyeshi rangi mpaka ulilowanishe kwa ulimi? Susu akamfuata na mkebe wa hayo mawe, akimbembeleza: "Hata sisi tunalamba kila siku, baba." Mzee akaongeza mwendo. Jirani alikuwa ameshaanguka kwenye changarawe kwa kicheko.

Susu alimpita mbio, akasimama mbele yake, akatoa jiwe, akalilamba, akaliinua juani. Lilikuwa kijani kama sukuma iliyonyeshewa. Mzee akaketi hapo hapo barabarani na kanzu yake, akacheka mpaka akatoa machozi.

"Kumbe ni mawe, mama."

"Si ndiyo nimesema?"

Mabati yalipanda kabla ya mvua. Miaka mingi baadaye wachimbaji bado walisalimiana, "Umelamba leo?"

Siku hizi shimo limemea miiba, wachimbaji wametawanyika, na susu tulimzika hatua chache kutoka hapo. Juzi niliokota kajiwe, nikakalamba. Binti yangu, mtoto wa Nairobi asiyejua Kikamba hata kidogo, akauliza ninakula nini. Nikamwambia, mavia.

Akaziba pua. Nilicheka sana, halafu nikageuka kutafuta mtu wa kucheka naye.