Karabai ya Kuni Nne

Honorata, ambaye Kibirizi nzima, ufukwe wa wavuvi wa Kigoma, humwita Mama Agape, ana vidole viwili visivyonyooka. Miaka ishirini na miwili ya kushona nyavu imevikunja, na mwenyewe keshavisamehe. Lakini kwenye kioo cha simu vidole hivyo hivyo hukimbia mpaka vijana wa bodaboda husimama kutazama. Kioo kina ufa upande mmoja na doa la mawese lisilofutika, kwa sababu mchana anakula samaki wa mgebuka kwa mkono wa kulia huku anacheza kwa wa kushoto, na wakati mwingine mikono inasahau zamu zake.

Mchezo aliuanza mwaka ule serikali ilipolifunga ziwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Wiki za mwanzo kazi ilimiminika, kila mwenye mtumbwi akaleta nyavu zitiwe viraka. Kisha nyavu zikaisha, ufukwe ukanyamaza, na Mama Agape, ambaye hajui kukaa bure, akaanza kugombana na kuku wa majirani huko kwake Buzebazeba. Heritier, mtoto wa mama yake mdogo, aliyezaliwa upande wa Kongo na sasa anaendesha bajaji kati ya Gungu na bandarini, ndiye aliyewaokoa kuku.

"Dada, chukua hii," alisema, akamwekea mchezo wa kadi kwenye simu. "Gombana na hawa wa humu."

Mchezo unaitwa Himaya. Unachagua kadi thelathini kati ya mamia, unazipanga ziwe fungu lako, kisha unapambana na fungu la mtu aliyeko popote duniani. Kila kadi ina nguvu zake za kupigia na uhai wake wa kuvumilia kipigo, na ili uitoe mezani lazima uwe na kuni. Zamu ya kwanza unapewa kuni moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, na kuendelea. Majina halisi ya kadi ni ya kigeni, marefu na ya kujisifu, kwa hiyo wachezaji wa Kigoma wamezibatiza upya. Kuna Sangala, kuna Dhoruba, kuna hata Afisa Uvuvi, anayechukua kadi ya mwenzako bila kuaga.

Kadi za kutisha hununuliwa. Mama Agape hakununua hata moja, akacheza na zile anazopewa kila mgeni bure. Alijaza Dagaa, kadi ndogo za kuni moja ambazo ukizipulizia tu zinakufa, na katikati yake akaweka mbili za Karabai, taa ya wavuvi wa usiku. Karabai ikiwaka, kila kiumbe wa majini aliyeko mezani anaongezewa nguvu mbili. Basi zamu ya kwanza alitoa Dagaa mmoja, ya pili wawili, ya tatu akawasha Karabai ya kuni tatu, na watu wenye kadi za gharama wakazama kabla hawajafungua mdomo. Aliwapiga wa Dar es Salaam. Aliwapiga wenye majina ya herufi asizoweza kuzisoma. Kila akishinda alitazama simu kama aliyeokota kitu cha mtu barabarani na anangoja mwenyewe aje akidai.

Sifa zikafika Gungu, kwenye kibaraza cha Mwalimu Wilfred. Huyu anafundisha hesabu sekondari, na ndiye nahodha wa wachezaji wa Himaya wa mji. Jumapili mchana hukusanyika kwake kumi na watano, na mwaka huu walikuwa wanachagua wanne wa kuiwakilisha Kigoma kwenye mashindano ya miji ya maziwa, yanayoonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Mama Agape alialikwa akacheza, akashinda, akashinda tena. Wengine walipiga makofi. Mwalimu Wilfred alichezesha kalamu yake mezani.

"Tuseme ukweli," alisema, kwa upole wake ule wa kurudisha mitihani. "Hapa kinachoshinda ni Karabai. Hata ningempa mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza fungu hili, angeshinda. Mama Agape, usinielewe vibaya."

Alimwelewa vizuri kabisa, na neno likamkaa kooni kama mwiba. Njia nzima ya kurudi, ndani ya bajaji ya Heritier, alilirudia kichwani. Maisha yake yote watu walisifu uzi wake, wakasifu sindano yake ya kushonea, hata benchi anayokalia wakaisifu, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba kilichofanya kazi ni kichwa chake. Akajiapia kwamba ataingia kwenye wale wanne, na ataingia kwa jina lake.

Jumanne asubuhi apdeti ikaja.

Watengenezaji wa Himaya, huko waliko, kila baada ya miezi michache hukaa wakapima mizani. Kadi iliyozidi hupunguzwa makali, iliyolala huamshwa. Safari hii walikuwa wamegusa kadi tisa. Heritier alipaki bajaji kando ya nyavu akasoma orodha kwa sauti, akitafsiri Kiingereza kadiri alivyojaliwa. Ya sita ilikuwa Karabai. Kuni tatu zimekuwa nne.

"Basi?" Mama Agape aliuliza.

"Basi, Dada. Hiyo tu. Tatu imekuwa nne."

Akacheza mechi moja palepale ili aone. Zamu ya tatu ilifika, Karabai ikakataa kuwaka kwa kukosa kuni moja. Mpinzani akatoa Dhoruba, inayokata uhai mbili kwa kila kilichopo mezani, na Dagaa wote wakafa. Zamu ya nne Karabai ikawaka vizuri sana, ikimulika meza tupu.

Alihisi baridi ya ajabu mikononi, jua la saa nne likiwa linampiga mgongoni. Mtu ambaye hatamwona maisha yake yote, kwenye chumba ambacho hakijui, alifuta tarakimu moja akaandika nyingine, na hapa Kibirizi kadi thelathini zilikuwa zimelegea zote kwa pamoja. Kadi ishirini na nane hazikuguswa hata kwa ukucha, na bado zilikuwa zimekufa. Aliogopa, na ndani ya woga huo kulikuwa na heshima. Hakuwahi kujua kwamba vitu vinaweza kushikana kiasi hicho.

Wachezaji wa mji mzima walitoa shauri moja: tupa Karabai. Naye akatupa. Akaweka Sangala mahali pake, akapoteza. Akaweka Afisa Uvuvi, akapoteza vibaya zaidi. Kufikia Ijumaa alikuwa amepigwa mechi kumi na tisa, na Jumapili ndiyo siku ya kuchagua wanne. Mwalimu Wilfred akamtumia ujumbe wa adabu: "Mama Agape, pole. Ukiona vema, unaweza kuja kama mshangiliaji." Aliusoma mara tatu. Machozi yalimlenga, akasingizia moshi wa mama wa jirani aliyekuwa akikaanga samaki.

Jumamosi Eliakimu, mvuvi wa Katonga, alimletea wavu unaoning'inia upande. Alikuwa amekata kipande cha katikati akatia uzi mpya, mzito kuliko wa zamani. Ulipozama vibaya, akafunga maboya mawili juu ya kile kipande, na sasa ulizama vibaya zaidi.

"Mwakeye," alimwamkia kwa Kiha. "Mama Agape! Huu wavu umerogwa."

"Umerogwa na wewe," alimjibu, huku keshaanza kufungua mafundo. "Ukibadili uzi mahali pamoja, Eliakimu, hurekebishi pale pale ulipobadili. Uzito umehama kwenye wavu mzima. Unafungua kila boya, unaanza kupanga upya kutoka kamba ya juu, na ule uzi mzito unauacha ulipo. Vingine vyote ndivyo vijifunze kuishi na..."

Sindano ikabaki hewani. Eliakimu alidhani amepatwa na kichomi.

"Mama Agape, vipi?"

"Nenda ukanywe chai," alisema. "Rudi saa nane."

Alifuta mikono kwenye kanga akafungua simu. Wiki nzima alikuwa amefunga maboya juu ya kipande. Ameng'ang'ania kubadili Karabai, na zile ishirini na nane akaziacha vilevile, na kila moja aliichagua zamani kwa sababu Karabai ilikuja zamu ya tatu. Akairudisha Karabai, zote mbili. Kisha akawatoa Dagaa mmoja mmoja, akiumia kama anayeuza mbuzi wa nyumbani, na akaanza kujiuliza swali jipya: nani wa majini anaweza kufika hai zamu ya nne?

Kadi zote za majini alizonazo alizipitia. Mwisho kabisa wa orodha alimkuta Konokono.

Konokono alikuwa kichekesho cha Himaya. Kuni mbili, uhai tano, nguvu sufuri. Hapigi mtu. Kibarazani kwa Mwalimu, ukicheza ovyo unaitwa Konokono. Mama Agape alimtazama mnyama yule kwa muda mrefu. Dhoruba ingemkata uhai mbili, zingebaki tatu. Angefika zamu ya nne taratibu, na taa ingewaka ikamkuta. Sufuri na mbili ni mbili. Karabai ya pili ikiwaka, ni nne. Akahesabu tena kwa vidole. Kadi hii ilikuwa humu siku zote, bure, mkononi mwa kila mtu, na hakuna mtu duniani aliyeihitaji mpaka mwenye mchezo aliposogeza tarakimu ya kadi nyingine.

Jumapili alikwenda Gungu. Nafasi tatu zilikuwa zimeshajazwa, na kwa ile ya nne Mwalimu Wilfred, kwa haki aliyo nayo, alisema atamjaribu mwenyewe. Mama Agape alipotoa Konokono zamu ya pili, kibaraza kiliangua kicheko. Alipotoa wa pili, Heritier alifunika uso. Mwalimu akatoa Dhoruba, kama ilivyotarajiwa. Konokono wakatikiswa, wakabaki. Zamu ya nne Karabai ikawaka.

Kicheko kilikatika. Mwalimu aliacha kuchezesha kalamu, akaegemea mbele, akahesabu kwa midomo bila sauti. Alijitetea vizuri, maana si mchezaji mdogo, lakini wale wanyama walikuja hawana haraka, wanapigwa hawafi, na Karabai ya pili ilipowaka alikuwa keshajua. Alimpa mkono kwa heshima. Ila hakusema kwamba kilichoshinda ni kichwa chake.

"Konokono," alisema, akitikisa kichwa. "Kumbe kadi kali hivi."

Akaingia kwenye wanne, na bado mwiba haukutoka. Kwenye mashindano Kigoma walishika nafasi ya tatu, Mama Agape akashinda mechi zake nne kati ya tano mbele ya watazamaji wa mtandaoni wasiojua hata Kibirizi iko wapi. Wiki iliyofuata alikutana na Konokono kwenye fungu la mtu wa Nairobi. Kisha kwa mtu wa Brazil. Kisha kila mahali, Konokono, Karabai, Konokono, mpangilio wake kadi kwa kadi. Alikuwa akisita kuwapiga, kama anayekutana na watoto wake ugenini.

Miezi mitatu baadaye apdeti nyingine ikaja. Alikuwa amekaa kwenye nyavu, ziwa limetulia mpaka milima ya Kongo inaonekana, simu ilipoita. Alikuwa Mwalimu Wilfred.

"Shikamoo, Mama Agape," alisema.

Hakuwahi kumwamkia hivyo tangu wajuane. Wanapishana miaka minne tu.

"Marahaba, Mwalimu. Kuna nini?"

"Pole. Wamemgusa Konokono. Uhai tano umekuwa nne. Wameandika na sababu, nikusomee?"

"Soma."

"Wanasema: kadi hii haikuwa ikitumiwa na mtu yeyote. Sasa imo katika fungu moja kati ya kila matano duniani." Kalamu yake ikasikika ikigonga meza. Sauti yake ikashuka. "Mama Agape, nimeirudia hesabu hii toka asubuhi. Konokono hakuwahi kuwa na kitu. Tulikuwa naye wote."

Mama Agape alitazama vidole vyake vilivyopinda, akatazama ziwa, akatazama tena vidole. Huko ng'ambo, kwenye chumba asichokijua, watu walikuwa wamekaa mezani, wakapima, wakabishana, wakafuta tano wakaandika nne. Na waliitwa mezani hapo kutoka Kibirizi.

"Utafanyaje sasa, Mama?" Mwalimu aliuliza.

"Niache kwanza, Mwalimu," alisema, akipangusa macho, na safari hii hakukuwa na moshi wa kusingizia. "Nafungua maboya."