Mkuki wa Ncha Chini

Vingunguti ya utoto wangu ilinuka damu tangu alfajiri. Machinjioni walianza kazi mapema, na upepo ukigeuka, harufu ile nzito ya damu ya vuguvugu na samadi iliingia mpaka kwenye sufuria ya uji. Tulikunywa hivyohivyo. Ndani ya chumba chetu, nyuma ya mlango, palikuwa na kopo la rangi lililojaa mchanga, na ndani yake ulisimama mkuki wa babu mzaa mama, ncha imezama mchangani. Mama alikuja nao kutoka kwao bara, ukiwa umeviringishwa kwenye mkeka. Ukoo wao ulikuwa na sharti moja: ndani ya nyumba mkuki husimama ncha chini. Ukiugeuza ncha juu umetangaza vita, na ukishatangaza vita, mkuki haurudi mchangani ukiwa mkavu. Lazima uonje damu. Tulipofagia tulilizunguka kopo lile kama tunavyomzunguka mtu aliyelala.

Nilipokuwa darasa la sita shule ilitupeleka makumbusho, kule mjini. Niliyapita mafuvu ya kale na vyungu vilivyoungwa vipande, nikafika kwenye kabati la kioo. Humo mikuki ilikuwa imepangwa ncha zote juu, ikimeremeta chini ya taa. Nilimwambia mwalimu kwamba kwetu tunao kama huo, na kwamba hii imewekwa vibaya, itatuletea vita. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukaniita Makumbusho.

Kiangazi hichohicho, Jumapili mchana, zikasikika kelele za mwizi. Kijana mmoja, aliyesemekana kaiba redio, aliruka ua wetu, paji la uso limepasuliwa kwa tofali, jicho moja limezibwa na damu. Akatupita mbio, akajitupa chini ya kitanda chetu. Nyuma yake wakaja wanaume na nondo, mawe, na mmoja alikuwa anaviringisha tairi. Aliyewatangulia alikuwa Baba Hadija, jirani yetu, mchinjaji, bado amevaa buti za mpira za kazini. Mama aliuchomoa mkuki. Mchanga ukamwagika miguuni mwangu. Akasimama mlangoni, ncha juu, usawa wa koo la Baba Hadija.

"Mama Neema, tupishe," alisema. "Huyo si ndugu yako."

"Ameingia kwangu, shemeji."

"Anatutishia mkuki wa makumbusho," mtu akadakia nyuma. "Neema, mwambie mama yako aurudishe kwenye kioo."

Walicheka. Jiwe likaruka, likampiga Mama begani. Aliyumba, lakini ncha haikusogea. Baba Hadija hakucheka. Aliutazama mkono wa Mama kwa muda, yeye aliyeshika kisu kila siku, kisha akageuka.

"Huyu mama atachoma kweli. Mie sipiti hapa. Nyie piteni."

Hakuna aliyepita. Walivunja dirisha letu, wakauangusha ua kwa mateke, wakatukana mpaka wakachoka. Walipoondoka, Mama alimfunga yule kijana kichwa kwa kanga yake. Kisha akalikamata bapa la mkuki kwa kiganja, akalivuta. Damu ilitiririka mpaka kwenye kiwiko. Ndipo alipourudisha mchangani, ncha chini, akaniambia nifagie vioo.

Tangu Mama azikwe nimehamahama sana: Chang'ombe, Mbagala, sasa Chanika. Kila ninapohamia naingiza kopo kwanza, kitanda baadaye. Kelele za mwizi bado zinapita mitaani, ila siku hizi wanaotazama huinua simu. Na kila mji ninaofika huingia makumbusho yake. Hivi karibuni, katika mji mmoja, nilimweleza mtunzaji habari za mkuki wangu. Alifurahi, akaniomba niwape, wautunze vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Nilikuwa karibu kukubali, maana sina mtoto wa kumwachia. Nikamuuliza wangeuweka vipi.

"Ncha juu, dada," alisema. "Ndivyo unavyopendeza."

Nilikitazama kiganja chake, laini, hakina hata mkwaruzo. Nikamuaga. Usiku huo nililiongezea kopo mchanga.