Sauti ya Kufika Vichanjani

Mimi na mama mkwe wangu hatujawahi kukaa chumba kimoja. Kwao Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, ni watu wa kushika mila: nikiingia uani, yeye anaingia jikoni. Salamu zangu zinapitia kwa mke wangu, na majibu yanarudi kwa njia hiyo hiyo. Sikuwahi kulalamika. Ila parokia ilipoandaa mchezo wa kuigiza wa sikukuu ya mavuno, nikapewa nafasi ya baba aliyeitoroka familia na sasa anarudi, mke wangu aliniambia mama atakuja kutazama. Angekaa nyuma kabisa, kwenye vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa hili, asije akanikaribia. Nilitaka anisikie. Nilitaka sana, kuliko nilivyoonyesha.

Sauti nilidhani ninayo. Mimi ni Mmatengo wa Namswea. Kule mtu akiwa kwenye ngoro zake, mashimo yetu ya kulimia mlimani, mteremko huu anamwita mwenzake wa mteremko wa pili, na mlima unamsaidia. Ziwa halimsaidii mtu. Siku ya kwanza ya mazoezi nilipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Mwalimu aliyetuongoza, dada mmoja wa Tanga aliyepangiwa shule ya pale, akasema amesikia hasira tu, maneno hakuyasikia.

Akanilaza chali kwenye sakafu ya darasa na kuniwekea mfuko wa unga juu ya tumbo.

"Vuta pumzi, unga upande. Mabega yatulie, kaka."

Unga haukupanda. Kilichopanda ni kifua, na wenzangu wakacheka. Nikaendelea na unga wangu nyumbani, hadi mke wangu akauliza kama nataka kusonga ugali kwa kitovu. Baadaye mwalimu akanifundisha kutoa pumzi taratibu kwa mlio wa nyoka, isikatike. Kuguna huku midomo imefungwa mpaka pua iwashe. Na kuisema sentensi nzima kwa pumzi moja, neno la mwisho lisife. Koo likaacha kuuma.

Siku yenyewe upepo ulivuma kutoka ziwani. Nikasimama mbele ya mlango wa mbao tulioutengeneza jukwaani. Kwa jinsi mchezo ulivyopangwa, naomba, nakataliwa, naomba tena, na utamu wote uko hapo. Nikashusha mabega, nikavuta pumzi hadi tumboni.

"Nimerudi, mama watoto. Nifungulie, hata nikalale jikoni."

Kabla sijakataliwa, kutoka vichanjani, juu ya vichwa vya watu wote, ikaja sauti ambayo siku zote nilikuwa naisikia nyuma ya ukuta tu.

"Ingia, baba! Nanyi huko ndani, mfungulieni!"

Watu wakaangua kicheko. Mwigizaji wa upande wa ndani akachanganyikiwa, akafungua. Mwalimu akashika kichwa. Nami nikabaki kizingitini, pumzi tele tumboni.