Mabaka ya Mjomba

Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume wakati ambao ngozi yangu ilikuwa imeanza mambo yake. Alirudi nyumbani kwetu Kilosa ili mama amlee, kama ilivyo kwa uzazi wa kwanza. Yeye na mtoto wakachukua chumba cha mbele, mimi na ngozi yangu tukahamia cha nyuma.

Kwetu, upande wa mama, mtoto akifikisha arobaini hutolewa nje na kunyolewa, na anayempakata wembe unapopita kichwani ni mjomba. Si baba yake wala babu. Mama alizaa wawili tu, dada na mimi. Hakukuwa na mjomba wa akiba.

Tatizo lilikuwa mikono yangu. Tangu chuo nilikuwa na mabaka mazito kwenye viwiko na magoti, yenye magamba meupe yanayopukutika nikijikuna. Niliyaita ukavu, nikavaa mikono mirefu, maisha yakaendelea. Kisha nikaumwa koo, hata uji ukawa haupiti, na lilipopona yakatokea madoa madogo kifuani, mgongoni na mikononi, kama matone ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Hayo sikuwa na jina la kuyaita.

Wengine walikuwa na majina. Mama alisema ni fangasi. Jirani alisema ni aleji ya samaki. Kijana wa duka la dawa karibu na stesheni alinitazama kwa mbali, akanisogezea tyubu ya dawa ya fangasi kwa ncha ya kidole. "Hii inamaliza kila kitu, bro." Kweli, ikamaliza. Ngozi ikalainika, nikaacha kupaka, na yote yakarudi kwa hasira, mengi kuliko mwanzo. Nikanunua nyingine. Nikawaza: kama ni dawa ya fangasi na ilinisaidia, basi ni fangasi, na fangasi inaambukiza. Lakini kama yamerudi, basi haikuniponya, kwa hiyo si fangasi. Lakini kama si fangasi, mbona ilinisaidia?

Nikaingia mtandaoni, nikamaliza bando. Picha zilizofanana na zangu zilikuwa za watu weupe, mabaka yao mekundu kama nyanya. Yangu yalikuwa ya kijivu, mengine zambarau iliyokolea. Nikahitimisha kwamba ugonjwa huo si wangu, nikahamia kwenye ukoma. Nilisoma kwamba baka la ukoma hufa ganzi, basi nikachukua sindano ya kushonea ya mama nikajichoma kwenye kiwiko. Niliumia. Nikabaki najiuliza kama nimeumia vya kutosha.

Muda wote huo sikumgusa mtoto. Dada akisema nimshikie akaoge, mimi nina simu ya kupokea. Akisema tena, mimi naelekea Msowero, kuna mtu ameniambia kuhusu kazi. Hakukuwa na mtu Msowero.

"Mjomba," aliniambia siku moja, maana tangu ajifungue hakuniita jina lingine, "huyu mwanangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi utampakata siku yake?"

Nikasema ndiyo. Kesho yake nikapanda basi kwenda Mikumi, kwa daktari wa ngozi ambaye mama alisikia habari zake msikitini.

Alikuwa mama wa makamo. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba huku ananyoosha kidole kwenye shati, nivue. Aliyatazama mabaka, akageuza kucha zangu, ambazo zilikuwa na vitundu vidogo kama vya kuchomwa sindano, akanichungulia nyuma ya masikio.

"Soriasisi," alisema.

Ndio ule ugonjwa wa watu weupe. Nilimwambia picha zilikuwa nyekundu.

"Wekundu kwenye ngozi yetu hauonekani vile. Haya ya viwiko ni ya mabaka, ndiyo aina inayoonekana zaidi. Haya madogo ni ya matone, mara nyingi huja baada ya koo. Kuna inayokaa kwenye mikunjo, kwapani na kwenye mapaja. Kuna yenye vipele vya usaha. Na kuna inayowasha mwili mzima moto. Hiyo ukiiona hungoji basi, unakimbizwa hospitali. Viungo vinakuuma asubuhi?"

"Haviniumi. Daktari, ina maana kinga yangu imeshuka?"

"Haijashuka. Imezidi. Inashambulia mahali pasipo na adui, na ngozi inazaliana haraka kuliko inavyotakiwa."

Maisha yangu yote nimesikia watu wakinong'ona kuhusu kinga kushuka. Sikuwahi kusikia mtu anaumwa kwa sababu kinga imezidi. Nikauliza inaambukiza? Haiambukizi. Inapona? Haiponi moja kwa moja, ila hutulia, pengine kwa muda mrefu. Inasababishwa na nini? Kuna asili ya kwenye damu ya ukoo, kisha kitu huja kuiamsha: koo, jeraha, pombe, sigara, mawazo.

"Wewe una mawazo?"

Nikamtolea mfukoni tyubu ya dukani.

Aliitazama akaiweka kando. Ilikuwa na dawa kali iliyochanganywa na ya fangasi, alisema, na kuipaka ovyo na kuiacha ghafla ndiko kulikoyarudisha. Aliniandikia marhamu nyingine, ya kupaka kwa muda aliopanga yeye na kuipunguza taratibu, mafuta yenye lami ya dawa ya kupaka kichwani, na mafuta mazito ya mgando kila nitokapo kuoga. Nipate jua la asubuhi, lakini nisijiunguze. Nisibandue magamba. Ikishindikana, vipo vidonge na sindano, ila hivyo vinataka kupima damu na ini mara kwa mara. "Tusifike huko kwa haraka," alisema.

Nilitoka na jibu nililolifuata: haiambukizi. Basi lilikuwa halijafika hata kijiji cha Ulaya, jibu likaniharibikia. Damu ya ukoo. Ukoo wangu ni ukoo wa dada, na wa dada ndio wa mtoto. Kwa hiyo mikono yangu haina neno, ila huenda mtoto anayo asili hiyo tayari, na wala si mimi niliyempa.

Siku ya arobaini nilikaa mwisho wa mkeka, mikono mirefu, jasho linanitiririka. Mtani wetu, bibi wa Kinyamwezi ambaye babu yake alikuja kukata mkonge, ndiye aliyeshika wembe.

"Mjomba mtu yuko wapi? Yule kenge wenu anayejibambua?"

Watu wakacheka. Mama akamkazia macho, lakini mtani hakasirikiwi.

"Mnaye mmoja tu, na huyo naye anavua ngozi kama nyoka! Leteni basi hata kondoo ampakate mtoto!"

Nikasimama, nikaanza kueleza. Kwamba haiambukizi, lakini ipo ya matone na ya mabaka, na kinga imezidi, lakini kuna asili kwenye damu, ingawa—

"Mjomba," dada alinikata. "Ukimshika, atapata?"

"Kwa kumshika, hapana."

"Basi kaa."

Nikakaa. Alinikunja mikono ya shati mwenyewe, mbele ya watu wote, akaniwekea mtoto mapajani. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Wembe ukapita, nywele zikaanguka, na chini yake, kwenye utosi, nikaona magamba. Membamba, ya njano, yameshikana.

"Anayo!" nilisema. "Dada, anayo!"

Bibi mtani alicheka mpaka akaweka wembe chini.

"Tulia wewe," mama alisema. "Hayo ni ya watoto wachanga. Tunapaka mafuta, yanatoka yenyewe. Hata wewe ulikuwa nayo."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Nikamtazama nione alimaanisha kunituliza au nini. Alikuwa ameshageuka kusimamia pilau, na dada amemfuata. Nikabaki na mtoto. Mkono ulianza kufa ganzi chini ya shingo yake, nikawaza kama ile ganzi ni ya mkao tu. Wengine walikuwa wananawa tayari. Hakuna aliyekuja kunipokea mtoto.