Harusi ya Madibira na Simu Iliyozama

Payal alizaliwa Iyunga, Mbeya, kwenye nyumba ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa duka la vitenge. Kila mzigo mpya ulipofika, baba yake, Himmat, alimtuma apige picha kwa simu ili wateja wa Iringa na Makambako wachague wakiwa kwao. Simu ilijaa upesi. Payal akawa anahamishia picha kwenye kompyuta kwa waya, mpaka akajifunza kuviunganisha vifaa hivyo viwili ili vipashane picha vyenyewe. Tangu hapo waya ulikaa kabatini.

Aliposema anataka kupiga picha za harusi, Himmat hakufurahi. "Beta, mwanangu, harusi hairudiwi," alimwambia. "Ukipoteza kitenge nitaagiza kingine."

"Ndiyo maana sitapoteza, Baba," Payal akajibu, na akaanza.

Kila alikokwenda alibeba simu mbili, kompyuta ya mkononi, na ruta ndogo inayotumia betri. Alichokirekodi kwenye simu kilivuka kwenda kwenye kompyuta papo hapo, bila bando wala mnara. Alipanga picha zisafiri njia moja tu: akifuta kwenye simu, kwenye kompyuta kinabaki. Binamu yake Nidhi aliwahi kupanga njia mbili, akafuta picha za simu apate nafasi, na za kompyuta nazo zikaondoka.

Juni iliyopita aliitwa Madibira, kwenye mashamba ya mpunga, kwenye harusi ya Anjela na Obeid. Baba wa bibi harusi, Mzee Kalinga, alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia, na tangu hapo maneno yake yalikuwa machache na mazito. Hakuna aliyetegemea hotuba. Lakini wakati wa nasaha, Mzee alishika fimbo, akasimama.

"Kamwene," akawasalimu watu, na uwanja wote ukamgeukia.

Alisema polepole, neno moja, pumzi, neno jingine. Alimwambia Anjela kwamba baada ya kiharusi, yeye baba alipokuwa hawezi kushika kijiko, ni binti huyo aliyemlisha, na sasa anamwachia Obeid mikono ile aitunze. Watu wazima walilia. Payal alirekodi mpaka Mzee alipoketi.

Jua lilikuwa linashuka. Payal akawahi kuwapeleka maharusi kwenye mfereji mkubwa wa kumwagilia, ambako mwanga ulikuwa mzuri, akaiacha kompyuta na ruta chumbani kwa shangazi wa Anjela, aliyeitwa Tekla. Ukingoni Obeid akateleza kwenye tope. Payal akanyoosha mkono kumdaka. Akamdaka, lakini simu ikamponyoka na kutumbukia. Maji ya mfereji yalikuwa ya udongo na yanakwenda kasi. Vijana wawili waliingia wakapapasa mpaka wakachoka.

"Maneno ya Baba!" Anjela akapiga kelele. "Dada Payal, maneno ya Baba yamo humo!"

"Hayamo humo peke yake," Payal akasema. "Twende nyumbani."

Alitembea kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda. Aliiamini njia yake. Ila jambo moja hakulisema: video ya Mzee ilikuwa ndefu, naye kwa kuukimbilia mwanga hakungoja kuona kama imemaliza kuvuka kabla hajatoka uwanjani.

Chumbani kwa Tekla alifungua kompyuta. Shangazi na maharusi wenye tope nguoni wakasimama nyuma yake. Picha za kanisani zilikuwepo. Keki ilikuwepo. Chini kabisa palikuwa na video ya Mzee. Payal akaisogeza hadi mwisho, akaona Mzee akiketi na mkewe akimpangusa uso. Imefika nzima.

"Asante, Mungu," Tekla akasema, akakaa kitandani.

"Za mfereji ndizo zimekwenda," Payal akawaambia. "Kule ruta haifiki. Ninayo simu ya pili, na jua halijazama. Tunarudia?"

Obeid akatazama viatu vyake. "Safari hii nitasimama mbali na maji."

Wakarudi, wakapiga upya, na kwenye picha hizo maharusi wanacheka kuliko mwanzo.

Jioni ile Mzee Kalinga aliomba aoneshwe. Payal akapiga magoti kando ya kiti chake, kompyuta mapajani. "Shikamoo, Baba. Huyu hapa ni wewe."

Mzee alijisikiliza hadi mwisho bila kutikisika. Kisha akavuta pumzi.

"Nimesema," akatamka. Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Rudisha. Waite na majirani."

Payal akaongeza sauti, akaigeuza kompyuta iwaelekee watu.