Mke wa Kalasinga Aenda Makindu

Gisenyi nzima ilimwita Cansilde mke wa Kalasinga, naye aliitika. Muuza mkaa alimwita hivyo. Wanawake wa kanisani walimwita hivyo huku wakibana midomo. Mtu pekee ambaye hakuwahi kumwita hivyo mbele za watu ni Kalasinga mwenyewe.

Kalasinga huyo jina lake ni Balwant Singh, mjane wa ndevu nyeupe, mwenye duka la vipuri vya malori mjini. Alizaliwa Kisumu, akaja kwetu kutafuta soko. Cansilde alitoka Nyakiriba, kijiji cha jirani, akiwa binti wa kumpikia. Mwaka haukuisha, akahama chumba cha nyuma na kuingia cha mbele. Mshahara ukakatika siku hiyohiyo, maana nani humlipa mke wake? Hakuulalamikia. Alifurahi, masikini, akaona hiyo ndiyo harusi yake.

Akaishi kwa desturi za mzee. Nyama haikuingia jikoni, na mwana wa Gisenyi yule akajifunza kupita mbele ya mishikaki ya mbuzi akigeuza uso. Asubuhi walisimama sebuleni, yeye kashika ncha moja ya kitambaa cha kilemba na mzee kashika nyingine, wakakivuta na kukikunja, maana kile ni kitambaa kirefu na mtu mmoja hakiwezi. Jirani waliochungulia dirishani walicheka. Cansilde hakujali, kwake hiyo ilikuwa saa tamu kuliko zote.

Kila mwaka Balwant alisafiri kwenda Makindu, huko Kenya, kwenye hekalu la Makalasinga lililo kando ya barabara ya Mombasa. Alirudi mpole kama mtu aliyelia vizuri, akiwa na kopo la halua ya semolina iliyobarikiwa. Jioni alisimulia.

"Kule mlango uko wazi kwa kila mtu, mama. Tajiri na mzoa taka wanakaa chini, mstari mmoja, wanakula chakula kimoja. Na mtu haendi kuona jengo. Guru Nanak, mwalimu wetu wa kwanza, alisema ukioga maji matakatifu yote ya dunia na moyo ukabaki mchafu, umelowa tu. Unaenda kukaa na watu wema, kuwatumikia, kujishusha."

"Kama kila mutu anaingia, mi si mutu?" Cansilde aliuliza. "Unipeleke na mi."

"Mwaka kesho, mama. Safari ni ndefu."

Mwaka kesho huo ulizaa miaka kesho mingine mpaka nywele za Cansilde zikaanza kufanana na ndevu za mzee. Hakuwa akitaka kutembea. Alitaka mahali pale, mbele ya Mungu wa Balwant na jamaa wa Balwant, aambiwe yeye ni nani. Hilo tu. Mtoto hawakujaliwa, cheti hawakuandika, hakuwa na kingine cha kushika.

Mwaka huu magoti ya mzee yalikataa. Hakuweza kuinuka kitini bila kushikwa. Ndipo safari ndefu ikafupika ghafla, na Cansilde akaalikwa. Alijua kabisa kwamba iliyoalikwa ni mikono yake, lakini alijidanganya. Alishona gauni jipya, akanunua mtandio wa kufunika kichwa, akawaaga jirani wote wa mtaa wetu wa Nengo kana kwamba anakwenda kuolewa. Wakapanda basi mpaka Kigali, Kampala, Nairobi, mzee akimlalia begani njia nzima.

Kule Makindu, Balwant hakuwa amesema uongo hata kidogo. Mlangoni walivua viatu. Mwanamume mmoja aliyevaa saa ya dhahabu alivipokea vya Cansilde, vimejaa vumbi la mipaka miwili, akapiga magoti na kuvifuta kwa kitambaa. Cansilde akataka kumnyang'anya kwa aibu.

"Acha mama, hii ni seva," yule bwana akamwambia. "Kazi ya bure ni ibada."

Ndani walikaa sakafuni, mstari mmoja kweli, wakaletewa dengu na chapati. Hakuna aliyemwangalia rangi wala gauni. Cansilde alijisikia mtu, na machozi yakamlenga. Ndipo akaja Surjit, dada yake Balwant kutoka Kisumu, bibi mnene mwenye uso wa upendo. Alimkumbatia kaka yake, kisha akamshika Cansilde mkono.

"Na huyu mama ni nani, Balwant? Tuambie, tumkaribishe."

Cansilde aliacha kutafuna. Balwant akatazama sahani yake.

"Huyu ni msichana wangu wa kazi," akasema. "Ananisaidia nyumbani."

Surjit hakuona kosa. "Karibu sana, mama," akasema, akamwongezea dengu. Mlango ulikuwa wazi, chakula kilikuwa kimoja, na aliyemfungia Cansilde nje ni yule mmoja tu ambaye yeye mwenyewe alimvusha mipaka akimshika kwapa. Alimaliza chapati yake yote, maana hata hasira haikumfanya atupe chakula cha watu.

Baadaye Balwant aliketi kwenye benchi uani, akanyoosha mkono kama kawaida yake, bila kuangalia, ainuliwe. Mkono ukabaki hewani.

"Mi niko mboyi yako?" Cansilde aliuliza.

"Mama, elewa. Dada yangu, watu wale... ningesema nini?"

"Bon. Mboyi ameacha kazi."

"Utaniacha hapa? Nani ataniinua?"

"Uliza dada yako. Uliza ule mwenye saa. Kwenu kazi ya bure iko ibada, si ndio? Basi mi nimekufanyia hiyo ibada tangu niko binti. Inatosha."

Akabeba begi lake, akavaa viatu vilivyong'aa, akaelekea barabarani. Alitembea polepole, na msimlaumu, sikio lake lilibaki nyuma.

Alikuwa keshafika getini alipoisikia sauti ya mzee, kubwa, mbele ya mahujaji wote.

"Cansilde! Mke wangu! Mke wangu, njoo!"

Watu wakageuka. Surjit akaziba mdomo kwa mkono. Neno lilikuwa tamu bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana alijua sasa linatoka kwenye magoti. Alisimama kidogo, ajipe nafasi ya kusikia kama kuna lingine. Hakuna lililofuata ila "Njoo uniinue." Basi la Nairobi lilipunguza mwendo, Cansilde akalipungia mkono, akapanda.